Wingi wa Samaki Waweza Kudanganya Macho

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Septemba na Oktoba, wavuvi wengi hukusanyika Montauk, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Long Island katika jimbo la New York, nchini Marekani. Wamtafutaye ni samaki mmoja mkubwa wa pwani hiyo aitwaye striped bass. Kiswahili hakina jina lake, kwa maana hapatikani katika Bahari ya Hindi. Na kwa kuwa ubavuni ana milia myeusi saba au minane, katika habari hii ataitwa samaki-milia. Aweza kuishi miaka 30, na mmoja aliyevuliwa mwaka 2011 alikuwa na uzito upitao ratili 81.

Samaki-milia huzaliwa katika maji matamu ya mito, hasa ile iingiayo katika ghuba ya Chesapeake, na pia katika mto Delaware na mto Hudson. Akiisha kukua hutoka kwenda baharini. Wakati wa joto huelekea kaskazini, na baridi ikikaribia hurudi kusini. Katika safari hii ya kurudi hukutana na makundi makubwa ya samaki wadogo mfano wa dagaa, na hapo ndipo karamu huanza.

Samaki-milia hushambulia kutoka chini. Dagaa hukimbilia juu, lakini uso wa maji kwao ni kama ukuta. Hawana pa kupita. Bahari huchafuka na kutoa povu kama sufuria ichemkayo, na shakwe na membe hushuka kwa makelele kuwadonoa kutoka juu. Wavuvi wa Lamu na Malindi hawatashangaa kusikia hayo, maana wao nao hutazama ndege ili wajue mahali walipo jodari.

Wako wavuvi ambao hawatumii chambo cha nyama katika kazi hii. Hutumia ndoana iliyofungwa manyoya ya ndege na nywele za wanyama ili ifanane na dagaa. Watu wa Nyeri waliopata kuona trauti wakivuliwa katika mito ya milimani watautambua uvuvi huo. Katika uvuvi wa kawaida chubwi ndilo livutalo mshipi. Katika uvuvi huu mshipi wenyewe ndio mzito, nao huichukua ndoana iliyo nyepesi kama unyoya. Bwana Bernard Kreh wa Maryland, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lefty, na aliyefariki mwaka 2018, alibuni ndoana ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya samaki-milia wa Chesapeake. Ilipata sifa hata ikachorwa katika stempu ya posta ya Marekani mwaka 1991.

Mvuvi mwenye adabu haendeshi mashua yake kati ya samaki walao, kwa kuwa watazama na kuwaharibia wote. Huzunguka mbali, huzima mtambo upande utokao upepo, na kuacha upepo umsogeze. Hutupa mshipi ukingoni mwa kundi, kisha huiacha ndoana izame kidogo, maana samaki wakubwa mara nyingi hukaa chini wakingojea dagaa waliojeruhiwa.

Siku kama hiyo mtu aweza kuvua samaki mmoja baada ya mwingine mpaka mkono uchoke. Akirudi nyumbani atasema kwamba bahari imejaa, na mtu akimwambia kwamba samaki wamepungua atamcheka. Lakini macho yake yamemdanganya. Samaki waliotawanyika katika maili nyingi za pwani wamekutana mahali pamoja kwa saa moja. Aonaye umati wa watu siku ya gulio hawezi kwa huo umati kujua idadi ya watu wa tarafa nzima. Na hata tarafa ikipatwa na njaa, soko laweza kujaa vilevile.

Kosa hili ni la zamani. Wazungu wa kwanza waliohamia pwani hiyo walimkuta samaki huyu kwa wingi hata wakamtia shambani kuwa mbolea. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts Bay lilikataza desturi hiyo kwa sheria. Mwaka 1670 koloni jirani la Plymouth liliamuru kwamba faida ya uvuvi wa Cape Cod, pamoja na ule wa samaki-milia, itumike kuendesha shule. Basi hata wakati huo walikuwako watu walioona kwamba samaki ni mali ya kutunzwa.

Miaka mingi ilipita, na somo likasahauliwa. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara wa pwani ya mashariki walipata zaidi ya ratili milioni 14 za samaki-milia. Miaka kumi baadaye hawakupata hata theluthi moja ya hizo. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kumhifadhi, na mwanzoni mwa mwaka 1985 jimbo la Maryland likapiga marufuku kabisa kumvua. Wavuvi wengi waliumia, na malalamiko yakawa mengi.

Hata hivyo Maryland ilikuwa na kitu kisichodanganywa na macho, nacho ni daftari. Tangu mwaka 1954 wafanyakazi wa jimbo hilo hupita kila mwaka, wakati wa joto, katika mahali palepale kando ya mito ya Chesapeake, huvuta wavu, na kuhesabu vitoto vya samaki-milia. Iliamuliwa kwamba mlango usifunguliwe mpaka wastani wa miaka mitatu ufike 8 kwa kila mvuto wa wavu. Hesabu hiyo ilitimia mwaka 1989, uvuvi ukafunguliwa tena mwaka 1990 kwa masharti, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba samaki-milia wamepona.

Lakini aliyepona aweza kuugua tena. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba samaki hawa wamevuliwa kupita kiasi. Wastani wa miaka yote ya daftari la Maryland ni kama 11. Hesabu ya mwaka 2023 ilikuwa 1 tu. Sababu mojawapo ni majira ya baridi yasiyo na baridi ya kutosha na mito yenye maji machache, mambo yawadhuruyo vitoto. Tangu mwaka huo wa 2023, mvuvi wa mchezo aliyeko baharini huruhusiwa kuchukua samaki mmoja tu kwa siku, mwenye urefu wa inchi 28 hadi 31. Wakubwa zaidi huachwa kwa kuwa ndio mbegu: jike la miaka 6 hutaga mayai kama nusu milioni, na la miaka 15 huweza kutaga milioni 3. Mkulima ajuaye kuchagua mahindi bora ya kupanda hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wavuvi wengi siku hizi huwarudisha samaki majini, wakidhani kwamba hawakudhuru kitu. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila 100 wanaoachiliwa, 9 hufa. Basi avuaye 33 kwa siku moja na kuwaachilia wote, huenda ameua watatu, naye hakula hata mmoja. Kwa hiyo yafaa kubana kijino cha ndoana, kumvuta samaki upesi, kulowesha mikono kabla ya kumshika, na kutomtoa majini kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo yafaa kuufunga mshipi mapema, wakati ndege wangali wanapiga makelele na maji yangali yanachemka. Hilo ni gumu kuliko yote, kwa kuwa saa hiyo kila aonekanaye majini husema wako tele, na daftari liko mbali, mikononi mwa watu wanaohesabu vitoto vya samaki visivyozidi urefu wa kidole.