Kosa Si la Mficha Maradhi

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hii imekuwa fimbo ya kumpigia mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali: huambiwa kwamba alijificha mwenyewe, na sasa avune alichopanda. Mimi nadai kuwa fimbo hiyo imeangukia mgongo usiostahili. Mtu hafichi jambo ila mbele ya macho anayoyaogopa. Kabla ya kumlaumu mficha maradhi, yatupasa tuulize ni nani aliyemfundisha kuficha. Na katika maradhi ya ngozi jibu lake halipendezi, maana miongoni mwa walimu hao wamo matabibu.

Katika Nyanda za Juu Kusini swali hili lina uzito wa pekee. Pwani joto huvua watu nguo, na baka la mkononi halina mahali pa kujificha. Mufindi, Uyole na Tukuyu ni nchi za baridi na ukungu. Sweta na koti ni mavazi ya kila siku, na mgonjwa aweza kufunika baka lake mwaka mzima bila jirani kujua. Baridi humpa maficho, na hofu humpa sababu. Hofu yenyewe haikuzuka bure. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 hadi 2008 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa watu karibu 16 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Iringa, kabla Njombe haijamegwa kuwa mkoa, hali kwa taifa zima walikuwa chini ya 6. Katika miaka hiyo ngozi iligeuzwa hati ya mashtaka. Mkanda wa jeshi, ambao kweli huwapata zaidi wenye kinga dhaifu lakini pia humpata mzee asiye na virusi hivyo, ulisomwa na kila mpita njia kama hukumu. Ukurutu, na hata upele wa mtoto wa bwenini alioupata kwa kulala na wenzake, ulitiwa katika shitaka lilo hilo.

Hasara ya kuficha ni kubwa kuliko aibu yenyewe, na ukoma ni ushahidi wake. Kijidudu chake, alichokigundua Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo baka lake aghalabu haliwashi wala haliumi, bali hupoteza hisi. Mgonjwa hana maumivu ya kumsukuma kwenda hospitali. Anayo aibu tu ya kumzuia. Anapongoja, mishipa hufa, mkono hushika chungu cha moto usijue, na vidole huharibika. Dawa ipo. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12, na muda mfupi baada ya kuuanza mgonjwa hawaambukizi tena wenzake. Lakini hakuna kidonge kinachofufua mshipa uliokufa. Kilema tukiitacho cha ukoma, kwa sehemu kubwa ni kilema cha kuchelewa. Na kuchelewa ni mtoto wa aibu.

Sisi tuishio kwa lugha nasi tuna deni. Mwenye malaria ni mgonjwa wa malaria. Hakuna amwitaye mmalaria. Lakini mwenye ukoma huitwa mkoma, kwa kipimo kile kile kinachotoa mjinga katika ujinga na mchoyo katika uchoyo. Sarufi imeutoa ugonjwa mwilini ikauweka katika tabia. Ndiyo maana aliyepona malaria amepona, na aliyepona ukoma angali mkoma.

Nilipata kumsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja ya nyanda hizi. Alivua koti, akafunua bega lenye mabaka meupe. Tabibu hakunyanyuka. Alimwashiria kwa ncha ya kalamu ageuke, akaandika, kisha akawaambia wanafunzi wanne waliosimama ukutani jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Ulikuwa ule wa ngozi kupoteza rangi yake, usiomwambukiza mtu yeyote. Lakini mwenye bega hakuambiwa. Tulipotoka nje aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, mbona hakunigusa?” Hakurudi tena. Wanafunzi wale walijifunza mambo mawili siku ile: jina la ugonjwa, na matumizi ya kalamu. Sina shaka ni lipi watakalolikumbuka zaidi.

Watasema wapinzani wangu kwamba adabu hutoka kwa mama, haitoki chuoni. Kwamba mwanafunzi wa utabibu amelemewa na masomo. Na kwamba unyanyapaa ni ujinga wa wanavijiji utakaokwisha kwa mihadhara. Kama adabu ya mikono ingeachiwa malezi, tusingemfundisha mpasuaji kunawa. Lakini twamfundisha, twamsimamia, na akikosea twamrudisha nyuma. Ama mwanakijiji, yeye humtazama tabibu. Ikiwa ajuaye hagusi, asiyejua atagusa kwa ujasiri gani? Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza unyanyapaa, na Umoja wa Mataifa mwaka 2010 ulizitaka nchi zikomeshe ubaguzi wa watu waliopatwa na ukoma. Ni maneno mema. Walakini sheria haiwezi kuishika kalamu ile ikaitua mezani. Wala sisemi glavu zitupwe. Penye damu na usaha ni wajibu, na anayezivaa amweleze mgonjwa sababu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya sayansi za afya mjini Mbeya, na hospitali za Mbeya na Iringa hupokea vijana wanaojifunza kazi hii. Tangu mwaka 1992 kipo pia Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi. Lakini kutoka Rungwe hadi Moshi ni safari ndefu, na wataalamu ni wachache. Anayelifungulia baka mlango wa kwanza ni tabibu wa kawaida. Huyo ndiye wa kufundishwa, na mafunzo yenyewe si mzigo.

Afundishwe kwanza kugusa. Kipimo cha baka la ukoma ni kulipapasa kwa uzi wa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho, aseme kama anahisi. Kipimo hicho hakifanyiki kwa mbali. Afundishwe pili kusema: ugonjwa waitwaje kwa lugha ya mgonjwa, waambukiza au hauambukizi, na dawa itamfanya nini. Moja ya dawa za ukoma, klofazimini, huitia ngozi weusi ambao hufifia polepole baada ya matibabu. Asiyeonywa hudhani ameongezewa laana, akatupa vidonge. Tatu, waliopona waalikwe darasani wakae kwenye kiti cha mwalimu, wala si cha maonyesho, na walipwe kama walimu. Mwisho, haya yote yatahiniwe. Mwanafunzi hukisoma kile atakachoulizwa. Tusipouliza heshima, tumemwambia kwamba haina alama.

Wahenga walimwonya afichaye maradhi. Hawakutuachia methali ya kumwonya amfichishaye mwenzake. Vijana wanaosomea utabibu Mbeya na Iringa leo na waitunge. Au, lililo bora zaidi, waifanye isihitajike.