Kukana, Kutojua na Kugeuka: Istilahi katika Mjadala wa Dini na Mageuko

Mjadala kuhusu kuwapo kwa Mungu na asili ya viumbe unapoendeshwa kwa Kiswahili, misimamo mitatu huchanganywa kuwa mmoja: kukataa kwamba Mungu yupo, kushikilia kwamba jambo hilo halijulikani, na kukubali nadharia ya mageuko. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya mchanganyiko huo hutokana na istilahi zenyewe, na kwamba wanaisimu wana wajibu wa kuutatua.

Neno la kwanza ni “ukanamungu”. Kitenzi “kana” hakilingani na “kutoamini”. Mshtakiwa hukana kosa, mdaiwa hukana deni, mzazi hukana mwana. Na mara nyingi msikilizaji hushuku kwamba akanaye anakijua akikanacho. Hivyo, mtu asemaye tu kwamba hajaona hoja ya kutosha hupewa jina linalomhukumu kabla hajasikilizwa.

Msimamo wa pili haujapata hata jina lililozoeleka. Kiingereza nacho hakikuwa nalo hadi mwaka 1869, Thomas Huxley alipolibuni, miaka kumi baada ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Darwin mwenyewe alijieleza kwa neno hilo mwaka 1879. Mswahili huweza kufunga mazungumzo kwa kusema “Mungu ndiye ajuaye”, lakini unyenyekevu huo hautoshi hapa, kwa kuwa tayari umemtaja ajuaye.

Neno la tatu, “mageuko”, lina tatizo jingine. Katika ngano, kugeuka ni tendo la kiumbe mmoja: mtu hugeuka chui, joka hugeuka kijana mzuri. Mwanafunzi aliyelelewa na ngano hizo huuliza mbona nyani wa leo hawageuki watu. Kwa mujibu wa neno alilopewa, swali lake ni la haki. Nadharia, hata hivyo, haisemi hivyo. Husema kwamba uwiano wa sifa katika jamii nzima ya viumbe hubadilika kizazi hata kizazi.

Mfano bora hauko mbali na mwanafunzi wa Bangwe, mjini Kigoma. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa ukoo wa perege, na karibu zote hazipatikani penginepo. Mmoja wao, Perissodus microlepis, hula magamba ya samaki wenzake. Wapo wenye kinywa kilichopinda kulia, ambao hushambulia ubavu wa kushoto, na wapo wenye kinywa kilichopinda kushoto. Mwaka 1993 Michio Hori, mtafiti wa Kijapani, alionyesha kwamba kundi moja likizidi, windo hujihadhari na upande huo, na kundi la pili hupata nafuu. Hivyo idadi zao hupanda na kushuka kwa zamu. Hakuna samaki aliyegeuka, ila jamii imebadilika. Kuwahesabu samaki hao hakuhitaji kumkana Mungu wala kumkiri.

Ndiyo maana kitenzi “kuamini” hakiifai nadharia hii. Hukubaliwa au hukataliwa kwa ushahidi. Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka mwaka 1996 kwamba ni zaidi ya dhana tu, ilhali Richard Dawkins huitumia kupinga dini. Wote wawili waliikubali, wakafikia mahitimisho yanayopingana.

Huenda ikasemwa kwamba maneno hukomaa kwa matumizi, na kwamba marekebisho ya istilahi hayawezi kuondoa mgongano ulio wa kweli. Ni kweli kwamba asomaye maandiko matakatifu kwa maana ya neno kwa neno atakuta mgongano. Lakini mgongano huo ujulikane mahali pake. Mtoto atokaye madrasa ya Ujiji au parokia ya Kigoma asilazimishwe na msamiati kuchagua baina ya mtihani na imani yake.

Inapendekezwa, basi, “ukanamungu” liachiwe wale wanaojiita hivyo. Kwa wengine itumike “kutoamini Mungu”, na “msimamo wa kutojua” kwa wale wa pili. “Mageuko” libaki, mradi kila kitabu cha shule kieleze tangu ukurasa wa kwanza kwamba kinachobadilika ni jamii, si kiumbe mmoja.