Pengwini wa Ng'ambo, Furu wa Kwetu

Mwezi uliopita, katika semina niliyoiendesha Bukoba mjini, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alisimama akatueleza habari za pengwini wa kale. Alizieleza vizuri mno. Alimtaja Kumimanu fordycei, ndege aliyeishi zaidi ya miaka milioni 55 iliyopita katika nchi inayoitwa leo New Zealand, ambaye wanasayansi waliomtangaza mwaka 2023 walimkadiria uzito wa kilo 150 hivi, yaani wanaume wawili wazima kwa pamoja. Alijua kwamba mifupa yake ilitoka ndani ya mawe ya ufukweni, na kwamba pengwini wote walio hai leo, baada ya mamilioni yote hayo ya miaka, hawafiki spishi 20. Habari zote hizo alizipata kwenye simu yake. Tulimpigia makofi, nami nikapiga kwa moyo mweupe.

Kisha nikamwuliza: na furu je? Akanitazama. "Furu ni nani, mwalimu?"

Kijana huyo ni mzaliwa wa Muleba. Baba yake ana mtumbwi Goziba. Amekula samaki wa ziwa hili tangu alipoachishwa ziwa la mama, na majina anayoyajua ni matatu: sangara, sato na dagaa.

Ndugu msomaji, sikuandika makala haya ili nimcheke. Aliyepaswa kuona haya siku ile ni mimi, na wenzangu wote tunaolipwa mshahara ili tufundishe. Maana wakati tunamsifu kwa kumjua ndege wa ng'ambo aliyetoweka, tumemficha kwamba mlangoni pa nyumba yao kumetoweka wanyama wengi kiasi kwamba wapo wanasayansi wanaolitaja tukio hilo kuwa maangamizi makubwa kuliko yote ya wanyama wenye uti wa mgongo yaliyoshuhudiwa katika zama zetu. Na hayakutokea miaka milioni 55 iliyopita. Yalitokea miaka ya themanini, nikiwa mtoto Kamachumu.

Kwa vijana wasiowajua: furu ni samaki wadogo wa jamii ya sato, wengi wao wakiwa na urefu wa kiganja. Katika Ziwa Viktoria walikuwa spishi zipatazo 500, na karibu zote hazikupatikana mahali pengine popote duniani. Kila kundi lilikuwa na kazi yake. Wapo waliokuwa wakivunja konokono kwa meno ya kooni, wapo waliokwangua mwani juu ya mawe, wapo waliokula wadudu wa topeni, na wapo waliowavizia mama wenzao wawapokonye mayai na vifaranga, kwa kuwa mama furu hulea watoto wake kinywani. Kabla ya mabadiliko hayo, wingi mkubwa wa samaki walionaswa na nyavu za kukokota chini ya ziwa ulikuwa furu.

Ndipo akaja sangara. Aliletwa kutoka maji mengine na kumwagwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, ili samaki wadogo waliodharauliwa wageuzwe kuwa samaki wakubwa wa kuuzika. Kwa miaka kama ishirini alijificha, kisha katika miaka ya themanini akafurika. Wakati huohuo maji yalichafuka kwa udongo na mbolea zilizotiririka kutoka mashambani na mijini, na furu jike, ambaye humchagua dume kwa rangi, hakuweza tena kuona rangi. Spishi zinazokadiriwa kufikia 200 hazikuonekana tena.

Sina ugomvi na sangara. Ameezeka nyumba nyingi Muleba kwa bati, amelipa ada, na ninajua vema viwanda vya minofu vinaajiri nani. Ugomvi wangu ni na usahaulifu. Unaweza kuuza samaki na bado ukaandika daftari la wale waliokufa. Sisi tuliuza samaki, daftari tukawaachia wageni.

Na wageni waliliandika kwelikweli. Mwingereza Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja na baadaye katika makumbusho ya London, alizieleza spishi nyingi za furu, moja baada ya nyingine. Waholanzi wa Leiden waliweka kambi Mwanza mwishoni mwa miaka ya sabini, wakahesabu na kuchora, na walipoona samaki wakipungua mbele ya macho yao waliendelea kuhesabu. Leo furu wengi wa kwetu wamo ndani ya chupa za spiriti London na Leiden, wamebandikwa karatasi zenye majina ya ghuba na visiwa vyetu. Nawashukuru watu wale. Wasingewachukua, tusingekuwa hata na chupa. Lakini mtoto wa Bumbire anayetaka kumwona samaki wa babu yake anahitaji viza.

Hapa ndipo habari ya visukuku inapotuhusu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wengi wetu tukisikia neno kisukuku huona akilini mfupa mkubwa kama nguzo. Kisukuku cha Kagera ni kidogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 2018 watafiti walididimiza mabomba marefu kwenye tope la chini ya Ziwa Viktoria, wakatoa udongo uliotulia huko tabaka juu ya tabaka. Walipouchekecha walipata meno ya samaki, maelfu kwa maelfu, yaliyohifadhiwa kwa mfululizo wa miaka ipatayo 17,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023 katika jarida la Nature. Kinara wa utafiti huo alikuwa Nare Ngoepe, binti wa Afrika Kusini aliyekuwa akisoma Bern, Uswisi, na taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ilishiriki.

Jino la furu husema alikula nini. Jino la mkwangua mwani si jino la mvunja konokono. Kwa hiyo tope lile ni kitabu, na kinasema jambo ambalo kila mtoto wa Kagera angepaswa kulijua kabla ya kumjua pengwini yeyote. Ziwa hili, ambalo kina chake kirefu ni mita 80 tu hivi, lilikuwa limekauka. Maji yaliporudi, samaki wa aina mbalimbali waliingia pamoja, na furu hawakuwatangulia wenzao wala hawakuwa wengi kuliko wao. Lakini ziwa lilipopanuka na kuingia kina, wao ndio walioitumia kila nafasi mpya, wakagawanyika kwa kasi isiyo na mfano. Mamia ya spishi kwa miaka elfu chache! Pengwini walipewa zaidi ya miaka milioni 60, na ukijumlisha walio hai na visukuku vyote vilivyokwisha kuchimbuliwa, bado hawajafika huko.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza nimeshaisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wenye vyeo: hatuna dawa za kutosha zahanati, wewe unatuletea meno ya samaki? Hoja hii ingekuwa na uzito kama fedha isiyotumika kwa meno ya samaki ingekuwa inakwenda zahanati. Anayeisema hupanda gari la serikali na kwenda kwenye kongamano la siku tatu kuhusu utalii.

Ya pili ni ya wanaharakati wenzangu, nami nataka niwe mkali kidogo kwa sababu nawapenda. Tunapiga kelele kuhusu mijusi wa Tendaguru, na tuna haki. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichukua zaidi ya tani 200 za mifupa kutoka Lindi, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, na mjusi mkubwa kuliko wote anasimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake liliingizwa katika jina la mnyama mmoja wa pale, Australodocus bohetii, mwaka 2007, karibu karne nzima baadaye. Suala la kuirudisha mifupa hiyo limefika hata bungeni. Lakini nawauliza: siku Berlin ikisema ndiyo, tumejiandaa vipi? Tunadai mzigo ambao hatujajenga hata rafu yake, huku hazina nyingine imelala chini ya mitumbwi yetu na hakuna Mjerumani aliyetuzuia kuigusa.

Turudi kwa pengwini, kwa kuwa kijana wangu aliishia katikati ya hadithi. Mfupa wa kwanza wa pengwini wa kale kutoka New Zealand nao ulipelekwa London, na mwaka 1859 Thomas Huxley ndiye aliyeupa jina. Walianza tulipoanzia sisi. Lakini mwaka 2006 watoto wa chama cha wapenda viumbe, wakiwa matembezini na wazazi wao katika bandari ya Kawhia, waliona mifupa ndani ya jiwe. Ilitolewa kwa uangalifu, ikakabidhiwa makumbusho ya mkoa wao, Waikato, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa spishi mpya, Kairuku waewaeroa. Waewaeroa ni neno la Kimaori, maana yake miguu mirefu. Hawakuhitaji mjusi wa tani nyingi wala ruzuku ya kutisha. Walihitaji watoto waliofundishwa kutazama chini, na chumba cha kupokea walichokiona.

Wala chumba hicho si ndoto kwetu. Katuruka, pale Maruku, ambako wazee wetu walifua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ni wanakijiji wenyewe walioamka kulihifadhi eneo lao. Sheria ipo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haikuishia kwenye vyungu na majengo, inayagusa na mabaki ya wanyama wa kale. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaijua kuliko mimi.

Kinachonitia hofu si fedha bali ni umri. Baada ya semina nilivuka kwenda visiwani nikamtafuta mzee mmoja aliyeanza kuvua kabla ya Uhuru. Nilimwonyesha picha za furu nilizochapa. Alivaa miwani, akazipanga juu ya jamvi kama mchezaji wa karata. "Huyu alikaa mawe. Huyu tuliwatunga kwenye vijiti tukawakausha juu ya moto, watoto wanapenda. Huyu..." Alimshika huyo wa tatu muda mrefu. "Huyu, mwalimu, dume lake lilikuwa jekundu hapa ubavuni. Picha yenu haina rangi." Ilikuwa picha ya samaki wa chupani, na spiriti ilikuwa imeilamba rangi yote.

Aliyataja majina kumi na moja kwa Kihaya. Mengine sikuwahi kuyasikia, na ni mwana wa huku. Mvuvi mwenzake aliyeyajua zaidi, alisema, alizikwa mwaka jana.

Kijana wa pengwini amekubali kwenda Goziba likizo hii akiwa na daftari, kinasa sauti na picha zile. Wenzake wanne wamejiandikisha, wawili Bumbire na wawili Kerebe. Kwa upande wangu nimeziandikia ofisi mbili za umma, moja Bukoba na nyingine Muleba, nikiomba chumba kimoja tu chenye rafu na kufuli, na barua ya tatu imekwenda Leiden kuomba picha za rangi zilizopigwa samaki wakiwa hai. Majibu yakija nitayabandika hapa. Yasipokuja nitabandika tarehe nilizoandika.