Mwanagenzi na Programu ya Ufuatiliaji

Wako wenzetu waliotoka hapa ambao sasa ni wanagenzi katika ofisi za kompyuta. Hupewa Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na mara huamriwa kuweka Nagios, programu ya kuufuatilia mtandao. Rangi zake za kijani na nyekundu zapendeza, sikatai. Lakini yafaa waanze na amri ya ping, aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983. Kompyuta moja huita, nyingine huitika, au hunyamaza. Wala kunyamaza si kufa: huenda imeamriwa isiitike. Nagios nayo huuliza hivyo hivyo, usiku na mchana. Mwanagenzi asiyelijua swali ataiona nyekundu, akimbie kuuzima na kuuwasha mtambo ulio mzima, na kazi za watu zikatike.