Kijana wa Kompyuta, Pima Kwanza Ndipo Ukate

Leo hatuleti mshono mpya.

Sisi ni mafundi cherehani watatu tunaochangia chumba kimoja hapa Ujiji. Mwaka jana tulichanga pesa tukamwita kijana aliyemaliza shahada ya kompyuta. Tatizo letu lilikuwa daftari. Vipimo vya wateja, oda, nani ametanguliza shilingi ngapi, vyote vimo humo, na Idi ikikaribia tunaligombania. Tukataka programu.

Kijana ana akili, hatumnyimi haki yake. Baada ya wiki mbili alileta kitu kinachong'aa, kina rangi na picha. Lakini hakuwahi kukaa nasi hata asubuhi moja akatutazama tukifanya kazi. Programu ilitaka intaneti muda wote. Bando likiisha hakuna kipimo, na mteja amesimama mlangoni, anawahi dagaa zake Kibirizi. Maandishi yote Kiingereza, wakati mwenzetu aliyeishia darasa la saba ndiye mkataji wetu bora. Kiuno kilikuwemo, nyonga hakuna. Nani anamshonea mwanamke gauni bila nyonga?

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mama zetu hawakupelekwa darasani. Ilikubali kwenye kitochi, kwa Kiswahili, bila intaneti. Kuna mtu aliangalia kwanza simu iliyopo mkononi mwa mwenye shida.

Kilichotuumiza zaidi ni kingine. Majina, namba za simu na vipimo vya wateja alivihifadhi kwenye kompyuta yake mwenyewe, akavifungua mbele ya rafiki zake kuwaonyesha kazi aliyofanya. Tulipomuuliza akajibu, "Lakini dada, si ni namba tu?"

Namba tu! Mwanamke anaturuhusu kumzungushia futi kifuani kwa sababu anatuamini. Hiyo ni amana. Tena nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kijana hakuwa ameisikia; na sisi, tuseme kweli, tuliijua baada ya hapo.

Kuandika programu anajua, hilo vyuo vimemfundisha. Tunaloomba ni mradi wa mwaka wa mwisho usiishie kwenye meza ya mwalimu. Mwanafunzi apelekwe kwa muuza dagaa, kwenye zahanati, kwenye SACCOS, akae na kalamu mwezi mzima kabla hajawasha mashine. Kisha arudi kurekebisha, na anayeitumia programu awe na sauti kwenye maksi zake. Mafunzo kwa vitendo si lazima yawe kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Zile taarifa alizifuta mbele yetu, na mwezi huu tumemwita tena. Amekuja bila kompyuta. Tumempa kigoda na lile daftari, siku ya pili sasa anauliza tu. Jana aliuliza nyonga inapimwa wapi, tukamwonyesha kwenye sanamu.