Uchambuzi: Kwa nini simu hubadili saa ya safari yako ukivuka mpaka?

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayeishi wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda. Kesho anatakiwa kupanda basi mjini Ngara, Tanzania, kwenda Mwanza. Basi linaondoka saa 12 kamili asubuhi. Akiwa bado nyumbani, anaiandika safari hiyo kwenye kalenda ya simu yake: 06:00. Jioni anavuka mpaka wa Rusumo na kulala Ngara. Alfajiri anafungua kalenda, nayo inamwonyesha kwamba basi ni 07:00, yaani saa 1 asubuhi. Akiiamini, atafika kituoni na kuambiwa basi limeondoka saa nzima iliyopita.

Simu yake haijaharibika. Imefanya kile ilichotengenezwa kufanya. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa na maana moja, simu ikaelewa nyingine.

Jumuiya moja, saa tatu

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama 8, na ndani yake kuna saa tatu tofauti. Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia zinatumia saa za Afrika Mashariki. Rwanda, Burundi na Sudan Kusini ziko nyuma kwa saa moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yenyewe ina saa mbili: Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko sawa na Kigali, lakini Kinshasa iko nyuma kwa saa moja zaidi. Ikiwa ni saa 4 asubuhi Nairobi, basi Kigali ni saa 3 na Kinshasa ni saa 2.

Wasikilizaji wa redio wanalijua jambo hili siku nyingi. Ndiyo maana mtangazaji hutaja saa za Afrika Mashariki, kisha akataja za Afrika ya Kati. Simu nayo inajua tofauti hiyo, ila haikuulizi ulikuwa unamaanisha saa za wapi.

Kalenda inatunza nini?

Wengi wetu tunadhani kalenda inatunza tarakimu tulizoandika. Kwa kawaida sivyo. Ukiandika 06:00 ukiwa Rwanda, kalenda inachukulia kuwa ni saa za Rwanda, kisha inaihesabu kwa saa ya dunia inayojulikana kama UTC. Rwanda iko mbele ya UTC kwa saa 2, kwa hiyo inatunza 04:00 za UTC. Ukiingia Tanzania, iliyo mbele kwa saa 3, wakati ule ule unasomeka 07:00.

Utaratibu huu una faida kubwa. Wanachama wa ushirika walioko Bukavu na Arusha wakipanga kuzungumza kwa simu, kila mmoja ataona saa ya kwao, na wote watakumbushwa kwa pamoja. Ila basi, kliniki na mnada havihami na msafiri. Hivyo hufuata saa ya mahali vilipo.

Kengele ya kukuamsha ni jambo jingine. Kwa kawaida yenyewe hufuata tarakimu. Ukiitega 05:00, italia simu ikisoma 05:00, popote ulipo. Kwa hiyo ndani ya simu moja kengele inaweza kukuamsha kwa wakati, halafu kalenda ikakwambia bado mapema, ukarudi kulala.

Kwa wanaoishi mpakani kuna kero nyingine. Simu nyingi hupokea saa kutoka mtandao wa simu. Ikidaka mnara wa nchi jirani, inaweza kuruka saa moja mbele au nyuma bila wewe kutoka nje ya uwanja wa nyumba yako.

Serikali ikibadili saa

Saa za nchi huamuliwa na serikali, na simu hufuata kanuni zilizowekwa ndani yake. Februari 1, 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Simu ambayo haikupata kanuni mpya iliweza kuendelea kuhesabu kwa saa za zamani.

Yaliyotokea Lebanon mwaka 2023 yanatoa funzo zaidi. Saa zilitakiwa kusogezwa mbele usiku wa kuamkia Machi 26. Siku chache tu kabla, serikali ya Waziri Mkuu Najib Mikati ilitangaza kwamba mabadiliko hayo yatasubiri hadi mwezi wa Ramadhani umalizike. Kanisa la Wamaroni na baadhi ya vyombo vya habari walikataa kufuata tangazo hilo. Kuna simu zilizojibadilisha kwa kanuni za awali, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili, hadi serikali ilipobatilisha uamuzi wake.

Ufanye nini?

Kwanza, unapoandika jambo litakalofanyika nchi nyingine, tafuta sehemu ya saa za eneo kwenye kalenda na uchague nchi unayokwenda. Kalenda nyingi za simu za kisasa zina sehemu hiyo.

Pili, kama huioni, andika saa na mahali kwenye jina la tukio lenyewe: "Basi la Mwanza, saa 12 asubuhi, saa za Tanzania." Maneno hayo hayatabadilika hata ukivuka mipaka mitatu.

Tatu, ukiishi mpakani na saa inaruka ovyo, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima kubadilisha saa za eneo kiotomatiki, kisha chagua nchi yako mwenyewe. Ila ukisafiri, kumbuka kuirekebisha.

Nne, ukipewa miadi ng'ambo ya mpaka, uliza: saa za kwenu au za kwetu? Swali hilo ni jepesi kuliko kulala kituoni ukisubiri basi la kesho.

Na hata mwenye simu ya kitochi isiyo na kalenda anaweza kufanya kama mtangazaji wa redio: asitaje saa bila kusema ni saa za wapi.