JE, KATIBA YAWEZA KUMZUIA MWASI ASICHAGULIWE?

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Katika chama chetu cha majadiliano muhula huu wengi waliosimama walisema kwa hasira kuliko kwa hoja. Upande mmoja ulidai kwamba kumzuia mtu asipigiwe kura ni kuwanyang'anya raia haki yao. Upande wa pili ulidai kwamba aliyeiasi serikali hana uso wa kurudi kuomba aitawale. Mimi sikupata nafasi ya kusema, basi namwomba Mhariri anipe nafasi hapa.

Nchi inayotufundisha zaidi katika jambo hili ni Marekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe viliisha mwaka 1865, baada ya majimbo 11 ya Kusini kujitenga kwa ajili ya kulinda utumwa. Walakini hata mwaka mmoja haukutimia, Kusini wakaanza kuwarudisha Washington wakubwa walewale. Baraza la Georgia lilimchagua Alexander Stephens aingie katika Seneti, naye ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais wa waasi! Hakupewa kiti. Mwaka 1868 yakathibitishwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, na kifungu chake cha tatu chasema kwamba mtu aliyekwisha kula kiapo cha kuitetea Katiba, kisha akashiriki katika uasi juu yake, hatashika tena cheo cha serikali, mpaka theluthi mbili za kila baraza la Bunge zimwondolee kizuizi hicho.

Tazameni neno kiapo. Kifungu hakikumgusa kijana wa shamba aliyebeba bunduki tu. Kilimgusa mbunge, hakimu, ofisa, yaani mtu aliyesimama mbele ya watu akaahidi. Katika shule nyingi kiranja huapa mbele ya wanafunzi wote. Akiongoza yeye mwenyewe ghasia za kuvunja jiko, je, kosa lake ni sawa na la mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyefuata mkumbo? Mimi nasema si sawa, na waliotunga kifungu kile walilijua hilo. Wala hawakuwa watu wa kulipiza kisasi daima. Mwaka 1872 Bunge liliwasamehe wengi, na Stephens huyo huyo akarudi Bungeni mwaka 1873. Waliobaki walisamehewa mwaka 1898.

Tangu hapo kifungu kililala usingizi, kikaamka kidogo mwaka 1919 Bunge lilipomkatalia kiti Victor Berger wa Milwaukee, hata tarehe 6 Januari, 2021, umati ulipovamia jengo la Bunge wakati kura za Rais zilipokuwa zikihesabiwa. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya jimbo la Colorado, kwa majaji 4 dhidi ya 3, iliamua kwamba Bwana Donald Trump alishiriki katika uasi na jina lake lisiwekwe katika karatasi za kura. Mwenyewe alikana. Tarehe 4 Machi, 2024, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walitangua hukumu ile, wakisema jimbo moja halina mamlaka ya kumzuia mtu agombeaye cheo cha taifa zima. Novemba mwaka ule alichaguliwa kuwa Rais.

Sasa hoja ya haki ya wapiga kura. Katiba ileile yasema Rais awe na umri wa miaka 35, wala hatusikii mtu akilia kwamba vijana wameonewa. Mimi nina miaka 17, sina kura, nami sijaona kwamba nimeibiwa. Wengine husema, Waacheni wananchi waamue wenyewe. Lakini mwasi asiyependwa na mtu hahitaji kifungu cha kumzuia; kura zenyewe zitamzuia. Kifungu kiliandikwa kwa ajili ya yule anayependwa.

Hata hivyo, nakiri kwamba umri husomwa katika cheti cha kuzaliwa, na uasi hauna cheti. Lazima awepo mtu wa kuamua, na hapo ndipo penye kazi. Kwamba majimbo 50 yasiachiwe kila moja kuamua lake, katika hilo nawaunga mkono majaji. Leo jimbo hili lingemfuta mgombea wa chama kile, kesho jimbo jingine lingelipa.

Lakini majaji 5 kati ya 9 walikwenda mbali zaidi, wakasema mpaka Bunge litunge sheria ya kukitekeleza kifungu. Hapo siwafuati. Ikiwa kumwondolea mtu kizuizi kunataka theluthi mbili za kura, yawezekanaje Bunge kumwondolea kwa kukaa kimya tu? Maana yake wachache waliotakiwa kuwa na nguvu ya kukataa msamaha hawana tena cha kukataa. Tena tazameni lililotokea New Mexico. Huko diwani mmoja, Couy Griffin, aliondolewa na hakimu wa jimbo Septemba 2022 kwa ajili ya mambo ya siku ileile ya Januari, na Machi 2024 Mahakama ya Juu haikukubali kuisikiliza rufani yake. Basi jimbo laweza kumzuia diwani wake, lakini si anayetaka urais. Sababu za kisheria zipo, nimezisoma, ila moyo wangu haujaridhika nazo.

Ningekuwa mtunga sheria, ningetaka shauri la namna hii lisikilizwe na mahakama ya taifa, kwa ushahidi, mshtakiwa akijitetea, na rufani ikatwe na kumalizika kabla karatasi za kura hazijapigwa chapa. Bunge la Marekani laweza kutunga sheria hiyo kwa kura za kawaida, wala halihitaji kugusa Katiba.

Aliye na hoja ya kunipinga na aandike katika toleo la muhula ujao. Nitafurahi kumsoma, ila anijibu hilo la theluthi mbili kwanza.